Baba Asiyetafutwa

Juzi, kwenye stationery moja pale Iringo, nilimkuta bibi mmoja wa Butiama akisomewa majibu na dada wa kompyuta. Orodha ya ukoo wake alikuwa amekipa chama cha nasaba cha huku kwetu, nacho kikaipeleka kwa vyama vyenzake vya Ulaya.

"Bibi, wanasema kwenye nafasi ya baba umeandika jina la mwanamke."

"Ni langu. Mimi ndiye nilimuoa mama wa hao watoto, nyumba yangu isife."

Kwetu Mara, mwanamke asiye na mtoto wa kiume kutoa mahari na kuoa mwanamke wa kumzalia halimshangazi mtu. Dada akaendelea: "Wanasema usijali. Watapima vinasaba wamtafute baba mzazi, bure."

Bibi akamkamata mkono. "Huyo hatumtafutagi! Atakuja kusema wanangu ni wake. Waambie waache."

Dada akashusha sauti. "Hapa wanamshukuru mwanao mkubwa, Bibi. Mate yake ya kupimwa yameshafika."

Ndugu msomaji, mwizi tunajua kumpigia yowe. Anayekutafutia mtu bure unampigia nini?

Bibi aligeukia mlango, akawa anamkagua usoni kila mzee aliyepita barabarani. Baadaye nikashtuka kuona nami nawakagua.