Siku Nilipokwama Kwenye Paa la Msonge wa Mama Mkwe

Najua mmeshasikia. Kuanzia Rubya mpaka Ngenge wameshasikia, na kila anayesimulia anaongeza lake. Kuna mmoja alinisimamisha sokoni kuniuliza kama ni kweli sikuwa na nguo kabisa. Nilikuwa na nguo! Basi nisikilizeni mimi mwenyewe, maana aibu ni yangu, lakini na hasira pia ni yangu, na bado sijaimaliza.

Mnaujua msonge wa mama mkwe wangu, ile nyumba ya duara, nyasi tupu kutoka kileleni mpaka chini, wa mwisho uliobaki upande wetu. Wakati wa kupanga vijiji (sisi kijiji kilitukuta hapo hapo kwenye kibanja chetu cha migomba) Ndugu Katibu wa kijiji alitangaza kwamba kando ya barabara hataki kuona nyasi, anataka nyumba bora za bati, na msonge ule uvunjwe. Mama akasema wakiuvunja wamzike humo humo ndani, kwa sababu mumewe alifia humo na wanawe wote walizaliwa humo. Ndipo akatokea mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Dar es Salaam, kijana wa suruali pana miguuni, akauzunguka msonge akipiga picha, akasema hii ni hazina ya taifa, isivunjwe, itengenezwe kwa njia ya asili, bila bati wala msumari, naye akirudi akaikuta imekamilika ataagiza ihifadhiwe.

Katibu akamjibu, "Sawa, Ndugu. Lakini ukirudi tukakuta tundu hata moja, mimi naleta vijana na mashoka."

Tundu hata moja. Lishikeni neno hilo.

Kazi ikaanza. Wanawake tukakata nyasi huko rweya, kwenye mbuga, tukazibeba kichwani, mimi na mwanangu Koku mgongoni akiwa bado mchanga, na wanaume wakaezeka. Tuseme ukweli, waliezeka kidogo na kunywa sana. Upande wa barabara ulipendeza, ila kule nyuma kikabaki kipande kisichozidi mkeka mmoja, nyasi za zamani zilizooza, na siku ya mtaalamu kurudi na wageni ikafika kipande kiko vile vile. Nikamfuata fundi wao, Ta Bitegeko, nikamkuta kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, na wenzake. Nikapiga magoti nikamsalimia (hasira yote ile, na bado nikapiga magoti!), nikamwambia wageni wanakuja mchana.

"Mkamwana," akasema, "fundi hapandi paa na koo kavu."

"Basi nitapanda mimi."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga pombe. "Mwanamke apande juu ya nyumba? Unataka radi ituue sote?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningenyamaza ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo. Lakini nilikuwa nimebeba zile nyasi kwa shingo yangu, shule nilisoma, na nyumba ya Mama haiwezi kwenda kwenye mashoka kwa sababu ya koo la Bitegeko. Nikamnyonyesha Koku, nikamwacha kwa Mama, nikachukua tita la nyasi na kamba za mgomba, nikapanda kwa nyuma.

Na nilikuwa naweza! Nimeshafunga nusu nasikia Landrova. Wamewahi, na mimi nimelala kifudifudi juu ya nyumba ya wakwe zangu kama mjusi. Kushuka wataniona, basi nikatulia. Nikasikia Mama anawakaribisha ndani, Katibu akiwemo, wanaketi kwenye nyasi mpya alizotandika, mtaalamu anaanza, "Tazameni juu, ndugu zangu, muone ufundi wa mababu," na wakati huo huo Koku akalia. Akina mama mnaonyonyesha mnajua, mwili hauulizi. Nikajigeuza kidogo tu, nyasi zilizooza zikaachia, nikazama mpaka kiunoni na ufito ukanibana hapo, kifua nje kwenye jua, miguu ndani juu ya vichwa vya wageni.

Kisha sauti ya Katibu: "Ndugu Mtaalamu, na hii nayo ni ya mababu?"

"Ni mimi!" nikapiga kelele.

"Mawe, mama yangu! Ni mkamwana wangu!" Mama akalia.

Sasa lile gagulo nililovaa chini ya gauni. Mnakumbuka madukani hakukuwa na kitambaa, kila mtu alishona alichopata, mimi nilishona mfuko wa unga wa msaada. Katibu, kwa sauti yake ile ya mikutanoni, akasoma maandishi: "SI YA KUUZA." Nyumba nzima ikaangua kicheko.

Halafu akakumbuka lake. "Nilisema tundu hata moja!"

"Tundu liko wapi?" mtaalamu akamjibu. "Si limezibwa?"

"Limezibwa na mtu!"

Wakabishana hivyo, mimi nikiwa ndiyo kizibo! Dereva akasema wakate ufito nitoke, na yule kijana wa suruali pana akaruka, "Hakuna kukata! Ule ni ufito wa asili!"

"Wa asili wa nani?" nikamfokea kutoka huko juu. "Huo mume wangu aliufunga mwenyewe, mimi nikiwa bado shuleni!"

"Hata hivyo," akasema. Hata hivyo! Koku analia, maziwa yananilowesha gauni lote.

Mama akapanda juu ya kinu na kisu chake cha kumenyea ndizi. "Mtoto ananyonya," akamwambia, "ufito haunyonyi." Akakata. Nikamwangukia Ndugu Katibu mapajani.

Msonge haukuvunjwa. Mtaalamu aliandika uhifadhiwe, ila kuanzia siku hiyo asiuguse mtu mpaka arudi yeye, akaondoka, na hajarudi. Mvua zikaanza, Mama akalala na beseni ubavuni. Nikamwendea Ta Bitegeko, akadai nyumba iliyopandwa na mwanamke itakaswe kwanza kwa rubisi. Nikakata ndizi zangu, nikakamua, wakanywa yote, wakafuta midomo, wakasema wanaogopa amri ya Serikali.

Kwa hiyo nimeapa, na ninyi mashahidi: sipandi tena paa nikiwa na gagulo. Jumapili mume wangu alipokuja kutoka Bukoba nilivaa suruali yake, nikampa mtoto amshike, nikapanda mchana kweupe barabara yote ikitazama, nikafunga ufito mpya na nyasi mpya. Radi haijampiga mtu.

Na mtaalamu akirudi kuuliza ufito wake wa asili uko wapi, Mama ameshaupikia ndizi.