Makasi Kwenye Gauni la Nyanya Akinyi

Leo hapa kijijini Kisegi nusura nifukuzwe na makasi mkononi.

Mnajua natafiti historia ya mavazi. Nyanya Akinyi alinionyesha gauni lake la harusi la miaka ya sitini. Alishonewa na bwana harusi mwenyewe, fundi wa cherehani, sasa marehemu.

Nikataka kauzi kadogo tu ka kupima rangi. Kuomba ruhusa? Nilisahau.

"Weka makasi chini!"

Binti yake alifoka, akasimama. Nikayaweka chini, nikamgeukia nyanya kwa Kijaluo:

"Nisamehe, dani."

Halafu nyanya akaligeuza gauni, akapapasa mshono wa kwapa.

"Kata hapa. Hapa alishona kombo, tukagombana mpaka asubuhi ya harusi."

Akacheka. Kisha akalia.

Sikukata.

Nyinyi mngekata?