Mama Émérence na Sheria ya Wajane

Mama Émérence alikuwa mwepesi wa hasira, na wajane wa mtaa wa Kikula walimpenda hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyewasimamia katika nyumba yao ya matofali, iliyojengwa na wafadhili Wakatoliki enzi za Wabelgiji ili mjane asiye na pa kwenda apate kitanda na mlo. Nyumba ilikuwa na sheria yake, ya serikali kabisa, iliyowekwa na gavana ambaye hata jina lake lilishasahaulika. Upuuzi mtupu! Wajane wasipike pombe, wasikae barazani baada ya kengele na, baya kuliko yote, asilale humo mtu yeyote asiye mjane.

Zamani nani alijali? Lakini miaka ya tisini kazi za migodini zilikufa, mishahara ikawa hadithi, na Fidélie, binti wa Blandine, mmoja wa wajane wale, akatolewa kwenye nyumba ya kupanga. Akaja na watoto wake kwa mama yake. Halmashauri ya nyumba ikasema sheria ni sheria. Basi watoto wakalala barazani msimu wa mvua, bibi yao akiwasikia wakikohoa nyuma ya ukuta. Jamani, ukuta wa tofali moja!

Émérence hakuvumilia. Kila wiki alikwenda kumsumbua Stanislas, karani wa mambo ya sheria katika ofisi ya mji, mpaka yule bwana akainua mikono. Serikali ilikuwa inafuta sheria za kikoloni zilizopitwa na wakati, akasema, na hii ya wajane ingeweza kuingia humo.

"Lakini, mama, tufute maneno ya kulala tu, ao sheria yote?" akauliza. "Enda kwanza muisome na bale bamama."

Kusoma nini tena? Damu ilishampanda. "Yote! Mambo ya Babeleji itatusaidia nini? Mufute yote, Bwana Stanislas!"

Ikafutwa, baridi ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Fidélie akaingiza watoto ndani, wajane wakapiga vigelegele, wakapika bukari, ule ugali wao, na samaki wa ziwa Tshangalele. Émérence alicheza mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani.

Kumbe ndani ya upuuzi ule mlikuwa na neno moja la akili: nyumba hii haiuzwi. Halmashauri ilijua, ikanyamaza. Baridi ilipoisha ikamuuzia tajiri mmoja, na watu wake wakaja na kamba zao, wakapima vyumba huku wajane wamekaa vitandani.

Émérence alikimbia kwa Stanislas. Laiti angeisoma! Laiti angekubali yafutwe yale maneno ya kulala tu! Njia nzima alijilaani.

"Ile sheria ilishakufa, mama," karani alisema bila kumtazama. "Minye siko na nguvu ya kuifufua."

Akarudi akiwa tayari kutukanwa, na alitaka kutukanwa, maana alistahili. Akamkuta Blandine amekaa mlangoni juu ya furushi lake, wajukuu wamemzunguka. Émérence akamweleza kosa lake lote, machozi yakimtoka.

"Usilie, mama," Blandine akasema. "Batoto balilala ndani baridi yote. Ni weye ulifanya. Aksanti sana."

Kisha akasimama, akajitwisha furushi, akamshika mkono kwa imani ile ile ya siku zote.

"Twende basi. Sasa weye unatupeleka wapi?"