Glace Isiyolambwa

Mama yangu hajui Kifaransa cha kusoma. Cha kutukana anakijua vizuri sana. Kwa hiyo karatasi yoyote inayoingia nyumbani kwetu, ya shule, ya mtaa, ya dawa, inapita kwanza mikononi mwangu, na mimi naisoma kama padri anavyosoma Injili, kidole juu, sauti ya kuvuta. Miaka miwili iliyopita nilikuwa na miaka kumi na nne, na nilijiona nina akili kuliko mtaa mzima.

Tunakaa Annexe, pembeni ya mji, kule mwisho ambako lami yenyewe imekata tamaa. Mama analima kabichi na lengalenga, mchicha wa kwetu, anapeleka mjini kwa pikapu. Baba alipokufa alituachia jina lake na hiyo pikapu. Pikapu ndiyo ilikuwa na faida.

Ilikuwa mwezi wa nane, wakati wa vumbi. Tulikuwa tunarudi kutoka mtaa wa Makomeno, na upande wa Luano lori la madini likatupita mbio. Gurudumu lake likatema jiwe. Ta! Kwenye parebrizi, kioo cha mbele, sawasawa mbele ya macho ya mama, pakatokea ufa kama buibui mdogo.

"Mama, tumepata mupangaji," nikasema.

Hakucheka. Tulipofika nyumbani alitoa mkataba wa asuransi, bima ya gari, ndani ya mfuko wa plastiki, akanipa.

"Soma. Angalia kama beko banatengeneza kioo. Na uangalie vile itakuwa na bonus yangu."

Bonus ni hivi: mama alikuwa ameendesha miaka mingi bila kugonga kitu, basi kampuni ilikuwa inampunguzia ile pesa ya kulipa kila mwaka. Aliipenda bonus hiyo kuliko alivyonipenda mimi, na simlaumu. Bonus haijawahi kumfanya aitwe ofisini kwa prefe, mkuu wa shule.

Kurasa zilikuwa kumi na kitu, herufi ndogo kama chawa. Nje, wenzangu walikuwa wananipigia mluzi, mpira tayari. Nikaruka, nikaruka, mpaka nikafika mahali palipoandikwa bris de glace. Hilo "bris" sikulijua. "Glace" nililijua: ile barafu ya rangi, ya ndani ya sashe, tunayonunua mbele ya geti la shule. Kioo sisi darasani tunakiita vitre. Kumwambia mama "sijui" ilikuwa kama kuvua suruali sokoni. Nikaleta mzaha.

"Mama, hawa bantu beko bazuri! Banasema glace yako ikianguka chini, banakununulia ingine."

"Glace gani?"

"Ya kulamba."

"Acha bujinga. Soma."

Nikageuza ukurasa. Huko chini nikakuta maneno makubwa yanayotisha: sinistre, malus. Nikainua kidole.

"Njo hii. Ukiwaambia gari imepata sinistre, ni kusema hasara, bonus inapunguka, unapata malus, na ile ya kulipa inapanda."

"Ata juu ya kioo tu?"

"Sinistre ni sinistre, mama."

Sentensi hiyo ya mwisho haikuwa kwenye karatasi. Niliitoa kichwani mwangu, kwa sauti ya mwalimu wetu wa Kifaransa, kwa sababu mpira ulikuwa unaanza.

Mama alikunja mkataba taratibu. "Basi tuache. Nitaendesha vile vile."

Fundi mmoja wa barabarani akapaka gundi, akabandika utepe wa skoci. Buibui akaota miguu. Mimi nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaipa miguu majina ya miji: mmoja Likasi, mmoja Kipushi, mrefu kuliko yote Kasumbalesa. Wateja wa mama walicheka. Mama alikuwa anaendesha huku anainamisha shingo kama kuku, apate kuona barabara kati ya Likasi na Kipushi.

Mvua zikaanza. Jumamosi moja asubuhi tulikuwa tunateremka na kabichi, nami nikiwa pembeni yake, naiga sauti ya mchungaji wa jirani. Kulikuwa na shimo, maji yamelijaza mpaka juu, ungesema ni barabara. Tukatumbukia. Kioo hakikulia kwa kishindo. Kililia kama mtu anatafuna karanga. Pale penye gundi kikajikunja ndani, na vipande vidogo vikaturukia.

Mama hakupiga kelele. Alisimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akazima mota, yote kwa mpangilio kama siku ya mtihani wa leseni. Ndipo akafunika jicho la kushoto kwa mkono, na damu ikapita kati ya vidole vyake pamoja na maji ya mvua.

"Weye uko muzima?" akaniuliza.

Nilikuwa mzima. Nilikuwa na kikwaruzo kwenye sikio.

Hospitali walisema kipande kimeingia ndani. Kulikuwa na operesheni, ikifanywa upesi jicho lingeweza kubakia na mwangaza kidogo. Isipofanywa, basi. Tuliuza kabichi zote zilizokuwa shambani, hata zile changa, na pesa haikufika hata nusu ya bei ya operesheni. Ndiyo sababu tukaenda kwenye ofisi ya asuransi, mama na bandeji yake, mimi na mfuko wa plastiki.

Alitupokea dada mmoja mwenye heshima, kucha ndefu nyekundu. Aliuliza jiwe lilipiga lini.

"Mwezi ya munane," mama akasema.

"Shi sasa iko ya kumi na moja! Juu ya nini haukukuya?"

"Niliogopa bonus."

"Bonus? Aa, mama! Bris de glace haigusake bonus. Glace, njo kioo ya gari. Jiwe ikikipasua, unakuya mu siku tano, tunabadilisha, bonus inabakia vile iko. Iko imeandikwa."

Akageuza mkataba, akaweka ukucha wake juu ya mstari. Ulikuwa mstari ule ule. Pembeni kulikuwa na alama ya dole gumba langu, yenye vumbi la siku ile.

"Na jicho?" mama akauliza.

"Mukataba yako inalipiaka bale utagonga, mama. Mwenye kuendesha, hapana. Na kioo yenyewe, ulichelewa." Alisema kwa sauti ya chini, akatutazama wote wawili. "Nani alikusomeaka hii karatasi?"

Nikafungua mdomo. Chini ya meza mkono wa mama ukakamata goti langu, ukalibana mpaka likauma.

"Mie mwenyewe," akasema.

"Mama, kama kizungu iko nguvu, shi uko na mutoto wa masomo hapa? Siku ingine umupatie, akusomee."

"Sawa, mama. Aksanti."

Mimi nina jibu kwa prefe, kwa padri, hata matangani sikosi neno. Pale nilitazama kucha za yule dada.

Mama alikuwa bado hajasimama. "Na bonus yangu?"

Dada akaangalia kwenye mashine yake, akatabasamu. Nadhani alifurahi kupata habari moja njema ya kutupa. "Iko yote, mama. Haina kuguswa."

Operesheni haikufanyika. Kwa hesabu yangu, jicho la mama tuliliacha siku ile, pale juu ya meza.

Tukatoka. Kwenye ngazi alinishika bega, kwa sababu kwa jicho moja alikuwa bado hajajua kupima urefu wa kidato.

"Mama," nikasema. "Ni mie."

"Najua. Shi nilikuwa pale." Akasimama, mguu hewani. "Angalia chini. Ngazi zimebakia ngapi?"

"Tatu."

Nikatazama tena.

"Hapana, mama. Ine."