Karatasi Ndani ya Bawa

Mwaka 1998, nchi yetu ilipolipua mabomu yake ya nyuklia ya majaribio kule jangwani, sisi wa karakana ya mabawa habari tuliipata kwa kuondoka kwa wageni. Walikuwa wahandisi wanne, wametumwa na kampuni ya ng'ambo kutusaidia kuunda ndege ya kivita ya kwetu wenyewe. Jumatatu tulikunywa nao kahawa. Alhamisi serikali yao ilitangaza vikwazo, na viti vyao vikabaki vitupu. Mrefu wao alipita kutuaga. Akalitazama kalibu la bawa, kubwa kama ukumbi wa harusi na halina kitu juu yake, akasema kwa upole, na upole huo ndio uliotuuma: "Msijitese. Bila sisi itawachukua miaka ishirini. Nunueni tu, kama wenzenu."

Nagarathna alikuwa anakata kitambaa. Hakuinua kichwa.

"Mwambieni ishirini si mingi," alisema kwa Kikannada, lugha ya kwetu. "Mama yangu amefuma miaka arobaini na hajalalamika."

Hakuna aliyemtafsiria mgeni. Lakini mimi niliyasikia, na ndiyo sababu leo naanzia hapo.

Jina langu Thippeswamy. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa msimamizi wa tanuri katika kiwanda kimoja cha Bengaluru ambacho sitakitaja jina. Nagarathna alikuwa fundi wa meza, na kila alichokipanga yeye juu ya kalibu mimi nilikioka. Mabawa yetu hayakuwa ya bati. Yalikuwa ya kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni, kimelowa gundi, kinapangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka nyuzi zake zikielekea upande tofauti, kisha kinaingizwa kwenye tanuri la mgandamizo na kutoka kigumu kuliko chuma. Kila kipande kilikuja na karatasi mgongoni. Unaibandua, unaitupa kikapuni. Mwisho wa kazi karatasi zinahesabiwa, na idadi yake lazima ilingane na idadi ya vipande. Ikipungua moja, ujue imo ndani, na pale ilipo tabaka hazikushikana.

Nagarathna alizaliwa Doddaballapura, kwenye nyumba ya wafumaji wa hariri, ambako mtoto hulala na kuamka kwa mlio wa kitanda cha mfumi, ule mtambo wa kufumia. Alipokuja kutafuta kazi alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mkubwa aliyemsaili alimuuliza anajua nini kuhusu ndege.

"Sijui kitu," alijibu. "Najua nyuzi."

Akaandikwa kazi siku hiyo hiyo. Nyumbani kwa mumewe haikuwa rahisi namna hiyo. Kwenye chumba chetu cha kazi hakuingii ua wala bangili, kwa hiyo kila asubuhi alitoka bila asumini nywelani na mikono mitupu. Mama mkwe wake alimzuia mlangoni mbele ya majirani.

"Mwanangu yu hai, na wewe unatoka kama mjane?"

"Mama, bangili ikivunjika na kipande kikaingia kwenye bawa, mjane atakuwa mke wa rubani," akamjibu, akavaa viatu vyake. Bibi yule alinuna mwezi mzima, kisha akaanza kumfungia ugali wa ulezi na mchuzi wa kunde aende nao kazini. Hakusema amekubali. Alifunga tu.

Baada ya wageni kuondoka, kazi iliendelea kwa ukaidi zaidi kuliko kwa akili. Barua za kuomba vipuri hazikujibiwa. Mashine ya kupima bawa kwa mawimbi ya sauti, ile inayoona nyufa za ndani, iliharibika kifaa chake kimoja na hakuna aliyekubali kutuuzia kingine. Mafundi wakakitengeneza wenyewe. Kikawa kinaona, lakini kama mzee aliyepoteza miwani. Kitambaa chenyewe kilikuwa kwenye jokofu kubwa, kina tarehe yake ya kuharibika, na hatukuwa na ahadi ya kupata kingine.

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Bawa la kushoto likakamilika Ijumaa moja ya Oktoba. Umeme ulikuwa wa kubahatisha wiki ile, jenereta lina foleni ya karakana nyingine, na mimi nilikuwa nimepewa nafasi ya tanuri saa tisa kamili. Nagarathna alikuwa ameondoka mapema, mtoto wake ana homa. Karatasi za zamu ile nilizihesabu mimi. Mia mbili na kumi na mbili, sawa na vipande, nikaandika, nikatia sahihi, nikafunga mlango wa tanuri.

Jumatatu alirudi, akakichukua kikapu nilichokiweka kando, akaketi sakafuni na kuanza kuhesabu. Hakuwa ametumwa. Alipomaliza alianza upya. Kisha akaja kwangu.

"Kaka Thippe, Ijumaa ulihesabu?"

"Nilihesabu. Si umeiona sahihi?"

"Sikuulizi sahihi. Ulihesabu moja moja?"

Nikajifanya nasoma saa ya mgandamizo.

"Zipo mia mbili na kumi na moja," alisema. "Nimezihesabu mara tatu."

"Imepeperuka, dada. Mfagiaji amepita."

"Mfagiaji haingii humu bila mimi. Na hiyo karatasi ni yangu. Tabaka la kumi na tisa, karibu na shina la bawa, umeme ulikatika nikiwa nimeinama. Ulipowaka nikaendelea. Ni mkono wangu, kaka, si wako. Lakini hesabu ni yako."

Ukweli ni kwamba nilihesabu kwa mafungu ya kumi kumi, na lile la mwisho nililikadiria kwa unene. Sikumwambia.

Alikwenda ofisini kwa Bwana Seshagiri, mkuu wa karakana. Sitaki mtu amdhanie vibaya. Alikuwa mhandisi hodari, amekonda kwa kazi ile, na kila Jumapili shemeji zake walimsomea gazeti mezani: pesa za walipa kodi, miaka mingi, ndege haionekani. Mlango ulikuwa wazi na sauti zilitufikia sote.

"Mashine inasema bawa safi," alisema Seshagiri.

"Mashine haioni vizuri, Bwana. Wewe mwenyewe umesema."

"Unataka nilikate? Kazi ya miezi minne? Kitambaa kilichobaki ni cha bawa moja tu, na tarehe yake inapita mwezi ujao. Unajua magazeti yanatuitaje?"

"Najua. Wanasema ndege yetu ni ya kwenye makaratasi. Sasa ikipaa na karatasi tumboni, watakuwa wamesema kweli."

Mtu mmoja nyuma yangu alicheka, akajiziba mdomo.

"Nagarathna, tia sahihi. Sahihi yako tu ndiyo imebaki."

"Sitii."

"Ni amri."

"Nimesikia. Sitii. Nifukuze, nitarudi Doddaballapura nikafume. Ila usiku rubani akilala nataka alale, na mimi nilale."

Seshagiri alimwambia atoke. Kisha akaniita mimi. Aliniuliza swali moja: nilihesabu au sikuhesabu? Ningesema ndiyo, fundi mwingine angetia sahihi badala yake, na mwanamke yule angeonekana msumbufu. Cheo changu kilikuwa kinatoka Januari. Nilitazama mikono yangu, na sijui hata leo ni nini kilichonisukuma, pengine ni lile neno lake, "hesabu ni yako".

"Nilikadiria, Bwana," nikasema.

Hakunitukana. Alichukua simu akawaita watu watatu wa kitengo cha uimara wa ndege, waje waamue. Walikuja siku ya pili, wakasoma, wakabishana, wakaamua bawa likatwe.

Walimpa Nagarathna chaki aonyeshe mahali. Akachora duara karibu na shina. Msumeno ukalia, vumbi jeusi likatanda, na kipande kikatolewa. Tabaka zote zilikuwa zimeshikana kama mbao ya msaji. Hakuna karatasi.

Watu zaidi ya thelathini tulikuwa pale. Seshagiri alivua miwani.

"Umetuulia bawa," alisema.

Nilimtazama dada yule nikadhani ataanguka. Lakini alisogea kwenye lile tundu, akavua glavu, akaingiza vidole ndani na kupapasa kingo taratibu, amefumba macho.

"Limekwisha kufa, Bwana," alisema. "Sasa tujue limekufa na nini. Kata tena. Shubiri moja kuelekea nje."

"Basi, inatosha."

"Kata, kaka," alimwambia mshika msumeno, hata hakumgeukia mkubwa.

Mkuu wa wale watatu alitikisa kichwa kukubali. Wakakata. Kipande cha pili kilipotoka hakikuhitaji kupimwa. Kiligawanyika chenyewe mikononi mwa fundi, sehemu mbili, na katikati ilikuwepo karatasi ya rangi ya maziwa, ndefu kama kiganja, laini kabisa, ina chapa ya kampuni yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Mkuu wa wale watatu aliiokota karatasi, akaishika muda. "Hapa ndipo bawa linaposhikana na mwili," alisema. "Kwenye kona kali lingeng'oka." Kisha wakaondoka kuandika ripoti yao.

Adhabu zilikuja, na zilikuwa za haki. Mimi cheo kilipita mbali, nikakipata miaka mitano baadaye. Yeye aliondolewa mezani kwa miezi sita kwa kuacha karatasi ndani, akawekwa ghala la baridi kubandika lebo. Alichukua barua yake akaisoma mbele ya Seshagiri, akasema, "Sawa. Kosa ni langu. Lakini nikirudi, karatasi zitahesabiwa na watu wawili, na hakuna kuoka siku ambayo umeme ni wa kubahatisha. Andika na hiyo." Seshagiri akaandika. Utaratibu ule ungalipo.

Kukaa kwake ghalani ndiko kulikotuokoa. Kitambaa kilipopita tarehe, ng'ambo walikataa kutuuzia kingine, na wakubwa wakaanza kusema mradi usimame. Nagarathna alikuwa anakishika kila siku. Alikuja na vipande viwili, kimoja kimekauka, kingine bado kinanata.

"Tarehe wameandika wao," alisema. "Gundi haijui kusoma. Kipimeni."

Wakapika vipande vidogo, wakavivuta na kuvivunja maabara, wiki saba mfululizo. Marobota mawili yalikuwa yameharibika kweli. Saba yalikuwa mazima. Wakati huo huo watu wa maabara nyingine ya mji wetu walikuwa wanahangaika kutengeneza kitambaa chetu wenyewe. Cha kwanza kilikuwa kibaya, cha pili kibaya kidogo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na sisi tulikuwa tumeachwa uchi mbele za watu. Ikabidi tujifunze kufuma.

Bawa jipya lilikamilika mwaka uliofuata. Asubuhi ndege iliporuka mara ya kwanza, karakana nzima ilipewa ruhusa kwenda kando ya uwanja. Nilipita kumchukua. Alikuwa ameinama juu ya kalibu, analaza kitambaa cha ndege ya pili.

"Huji?"

"Nenda wewe. Mimi niko tabaka la kumi na moja, siwezi kuliacha wazi."

"Dada, ni bawa lako."

"Lile limeshatoka mikononi mwangu. Hili bado."

Nilikwenda, nikalia kama wengine, wanaume wazima tumeshikana mabega. Niliporudi kumsimulia alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja: ilipokata kona, bawa lilitulia? Nikamwambia lilitulia. Akaegemea ukuta, akafunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yake yakatetemeka. Kisha akaenda kubadilisha glavu.

Sitaki nidanganye kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Ndege yetu ilichukua miaka mingine mingi kufika jeshini. Injini ilikuwa ya kununua, na ile tuliyojaribu kuunda wenyewe haikufikia nguvu iliyotakiwa. Mwaka mmoja afisa wa jeshi la anga alitembelea karakana, mtu mwenye mvi, anachechemea. Alitusikiliza tukieleza, kisha akamgeukia Nagarathna.

"Mama, niliambiwa ndege hii inakuja nikiwa luteni. Nimezika marafiki watatu waliokufa kwenye ndege kuukuu huku tukiwasubiri nyinyi. Mnajivunia nini?"

Mkuu mpya wa karakana alianza kujibu kwa takwimu, Nagarathna akamkatiza.

"Una haki ya kukasirika, Bwana. Tumechelewa, na waliokufa hawarudi. Hata injini ni ya watu, siifichi aibu hiyo. Lakini usiniulize najivunia nini. Niulize bawa lile lina kasoro gani. Ukiipata, nitalikata leo mbele yako."

Yule afisa akaomba aonyeshwe bawa. Alikaa nalo saa mbili, anapapasa, anauliza, anauliza tena. Hakusifu kitu. Alipokuwa anaondoka alimwambia, "Endelea kuwasumbua hawa," akatuonyesha sisi.

Nagarathna alistaafu mwaka 2025, amefundisha wasichana hamsini na wawili, kila mmoja anahesabu karatasi moja moja kwa sauti kama anaswali. Gundi ile imemwachia ukurutu mikononi usiopona. Nilimtembelea Doddaballapura mwezi uliopita. Alikuwa anasoma gazeti kibarazani, lina habari kwamba ndege za mkupuo mpya zimechelewa tena kwa sababu ya injini.

"Umeona wanavyotucheka?" nikamwambia.

"Wacheke," alisema, akafunua ukurasa wa pili. "Mwanafunzi wangu mmoja kahamia kitengo cha injini. Jumapili anakuja. Kuna kitu hakinikai sawa kuhusu vile visu vyao vya kuzunguka ndani ya injini, nataka anieleze."