Agneta Hawashi Msumeno Mtu Akiwa Ndani

“Mama Sumaya, mti umeshamla mume wako. Sasa na wewe unaenda kuuliza kama umeshiba?”

Swali hilo Agneta Dusabe, mama wa Sumaya, aliulizwa miaka sita iliyopita na jirani yake, mzee Barnaba, siku alipomwona akitoka na msumeno wa mashine wa marehemu begani. Alishika njia yake.

Leo, saa moja na nusu asubuhi, Agneta yuko uani kwa mzee huyohuyo, nje kidogo ya mji wa Rumonge, kando ya ziwa. Mkaratusi uliokauka umeanza kuinamia paa lake la mabati. Agneta anauzunguka mara tatu, shingo juu, akikagua matawi. Anavua kofia ngumu, anafumba macho, midomo inacheza. Akishasema amina, anachukua panga.

“Watu hudhani kazi ni kukata,” anasema huku akifyeka njia mbili za kukimbilia nyuma ya mti. “Kukata ni mwisho. Kwanza ujue utakimbilia wapi.”

Kamba imeshafungwa juu ya shina. Wanaume sita wataivuta kuelekea shamba la mihogo, wakiwa mbali kuliko urefu wa mti wenyewe. Mnyororo wa msumeno anautia mafuta ya mawese, kama wengi wa hapa, ila yeye huyachuja na kuyapasha kwanza, maana yakiganda kwa baridi ya asubuhi mnyororo huungua. Petroli huifungia kwenye sanduku lenye kufuli. Wiki petroli inapopatikana hukata miti minne, mitano. Isipopatikana, hulima.

Mumewe, Zabroni, alikuwa fundi hodari. Siku moja mti aliokata ulinasa kwenye mwenzake. Akaingia chini ili aukate ule ulioushika. Ikamwangukia yote miwili.

“Msumeno ulikaa chini ya kitanda miezi minane,” anasema Agneta. “Watoto watatu, na mimi shule niliishia darasa la sita kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania. Nikamwomba Mungu anipe kazi nyingine. Hakunipa.” Fundi mmoja wa Nyanza-Lac, rafiki wa marehemu, ndiye aliyemfundisha.

Kila kitu kiko tayari, isipokuwa kimoja. Mzee Barnaba hataki kutoka nyumbani.

“Mama, washa tu,” anasema Zakaria, mmoja wa washika kamba. “Akisikia ule mlio atatoka mwenyewe.”

“Akitoka mbio atatokea upande gani?”

Agneta anaweka msumeno chini, anaingia ndani na kumkuta mzee kitandani, amevaa viatu.

“Amahoro, mzee. Upepo wa ziwani utaanza saa nne. Ukianza, sikati tena leo. Na usiku huu mti unaweza kukulalia.”

“Unilalie. Mwaka wa sabini na mbili nilitoka kwetu nikikimbia mauaji, nikidhani ni kwa siku mbili. Nilirudi baada ya miaka thelathini na sita, nikakuta wengine wanapika jikoni kwa mama yangu. Nilisema sitaacha nyumba tena.”

Agneta anatoka, anaketi kizingitini. Nje wanaume wanalalamika kwamba siku inapotea. Yeye anapangusa meno ya mnyororo na kueleza mipango yake kana kwamba ana asubuhi nzima. Kiangazi kijacho anataka kuwafundisha wajane wawili wa kanisani kwake. Mmoja, Yudita, ameshaanza kunoa minyororo.

“Lakini hawatagusa mashine kabla sijanunua kofia ya pili,” anasema. “Na wakiona nimekata leo mzee akiwa ndani, nitawafundisha nini?”

Majani ya michikichi upande wa ziwani yanaanza kutikisika. Agneta anayatazama. Anainuka, anakwenda kwenye sanduku la petroli, analifungua, anarudi ndani na kufuli lake.

“Mzee, mwaka ule mlifunga mlango?”

“Tungefunga na nini? Tulikimbia.”

“Basi leo funga wewe mwenyewe. Ufunguo ukae mfukoni mwako, na usimame pale kwenye kamba, uuone mlango wako muda wote.”

Barnaba analipokea kufuli, analigeuzageuza. Anamtazama mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimwuliza lile swali la mti, kofia yake ngumu mkononi. Kisha anainuka, anangoja Agneta atoke, anafunga mlango, analivuta kufuli mara mbili na kwenda kusimama kwenye kamba, ufunguo mfukoni.