Ukuta Wetu Juu ya Njia ya Maji

Wiki nzima nilikosa usingizi kwa swali moja: je, kama maji yanayojaa mtaani kwetu hapa Gurei hayana kosa, na kosa ni ukuta wetu?

Nimesomea mazingira Uganda, kwa hiyo mtu angedhani swali hilo kwangu ni jepesi. Lakini mimi hulipima jambo mpaka lenyewe lichoke. Ua wetu uko kati ya barabara na khor, ule mkondo unaokauka kiangazi na kufurika wakati wa mvua. Tuliporudi kutoka Kenya tulijenga ukuta wa matofali mahali palipokuwa na kijibonde. Kumbe humo ndimo maji ya barabarani yalimokuwa yakipita kwenda kwenye khor.

Tangu hapo kila nyumba imejitafutia dawa, na dawa ni ileile: unaita lori la changarawe, unainua ua wako, maji yanahamia kwa jirani. Mwaka unaofuata jirani naye anaita lori. Mtaa mzima umepanda hivyo, isipokuwa nyumba ya mama mmoja Mganda, muuza chapati, tunayepakana naye. Kuingia kwake sasa unashuka kama unaingia shimoni. Kuta zake za udongo zimeanza kumeguka kwa chini.

Jumamosi tuliitwa kikao. Walilaumiwa wachoma mkaa, nchi tajiri, wakuu wa mji, hata Mungu kidogo. Mengi yalikuwa ya kweli, na ndiyo yaliyoniudhi zaidi, maana ukweli wote ule haukuchimba hata mtaro mmoja. Tulichagua mwenyekiti wa kamati ya mafuriko, naibu wake, katibu, na kwa kuwa mzee mmoja alinuna, naibu wa pili wa mwenyekiti. Jembe halikutajwa.

"Ya jama, msomi wetu amenyamaza," mjomba wangu alisema. "Au shahada nayo imelowa?"

Watu wakacheka. Nikasimama, nikasema jambo hili linahitaji kupimwa zaidi. Kupimwa! Natamani ningemeza ulimi.

"Wewe mtoto," yule mama wa chapati akaniambia, "mimi iko na watoto tatu ndani ya ile nyumba. Maji iko napima kila siku. Jana ilifika hapa." Akagusa goti.

Nyumbani nilimweleza mama yangu.

"Mama, ukuta wetu ndio unaoziba njia."

"Siku hizi kuta zinaleta mvua?"

"Hauleti mvua. Unazuia maji."

"Si ndiyo kazi yake? Kesho lori linakuja, tunainua ua. Na hayo usiyapeleke nje. Unataka takataka za mtaa mzima zipite jikoni kwangu?"

Nikaanza tena kupima. Nikitoboa ukuta, maji yakila msingi wa jiko letu? Nikikosea, nani ataniamini tena? Lakini changarawe ikimwagwa, kijibonde kitazikwa kabisa, na nyumba ya jirani haitauona mwisho wa mvua hizi. Kila nilipogeuza hesabu, jiko letu lilikuwa upande mmoja na watoto watatu upande mwingine. Nilijichukia kwa kuona kama mizani ile ilihitaji kufikiriwa.

Asubuhi nilichukua sururu nikaanza kubomoa matofali ya chini ya ukuta, upande wa barabara. Mama alitoka akipiga kelele. Mjomba naye akaja, kikombe cha chai mkononi.

"Kamati imekuruhusu?" akauliza.

"Kamati haina sururu, mjomba."

Tofali la sita lilipotoka, maji ya barabarani yaliingia uani, meusi, yamebeba chupa na majani, kama mama alivyosema. Yalipita kando ya jiko, yakasitasita, kisha yakaelekea ukuta wa nyuma, upande wa khor. Huko nako nikatoboa.

Lori lilipofika nilisimama langoni, matope mpaka magotini, nikamwambia dereva ageuze.